Kubali Yote

Tangazo la kitanda cha mtoto lilijitokeza wakati wa chakula cha mchana, msimamizi akitafuta vipuri vya cherehani mtandaoni. Kompyuta ya chumba cha mapumziko ilikuwa moja tu: yeye aliitumia kupanga zamu, wafanyakazi waliitumia kwa ruhusa yake. Chini ya kitanda likafuata tangazo la mafuta ya kuzuia michirizi ya tumbo. Msimamizi aliligeuzia kisogo taratibu, akawatazama wanawake waliokuwa wakila kwenye mabenchi.

"Hongereni, akina mama. Nani anatuletea mgeni?"

Wachache walicheka. Mmoja wao, mshona kola, alikuwa amefunga aproni yake juu, karibu na kifua, kama alivyofanya tangu tumbo lilipoanza kuonekana. Katika kiwanda kile cha nguo hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa sababu ya mimba. Mikataba ilikuwa ya mwezi mmoja mmoja, na ya wajawazito iliisha tu.

Msimamizi alipotoka, mshona kola alisogelewa na Chiriku, jirani yake wa cherehani, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Shoga, ni wewe?"

"Niliuliza tu kwenye hiyo kompyuta kama kuinamia cherehani kutwa kunamdhuru mtoto. Sasa yeye kaambiwa na nani?"

"Ulipofungua ukurasa, hukuzibwa na kibao chenye kitufe cha kijani?"

"Kubali yote. Nikabonyeza. Nilikuwa na tonge mkononi na kengele inakaribia kulia, ningesoma saa ngapi?"

"Ndiyo wanachotaka. Vile ni vidakuzi. Tovuti inaacha alama ndogo ndani ya mashine ili ikukumbuke, na wauza matangazo wanaacha zao, wakufuate kama nzi. Kukataa kupo, ila kumewekwa pembeni kwa herufi za kijivu, kama mtoto wa kambo."

"Vinafutika?"

"Kufumba na kufumbua."

Chiriku alifungua mipangilio ya kivinjari, akaingia kwenye faragha, akafuta vidakuzi vyote, vya tangu mwanzo. Wakarudi kwenye ukurasa wa vipuri. Sasa lilikuja tangazo la matairi. Mshona kola alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaliachia haraka.

Jioni msimamizi alikaa kupanga zamu. Mashine, ambayo siku zote ilimfungulia bila kumuuliza, ilimtaka jina na neno la siri. Aliandika moja, likakataliwa. Akaandika jingine. Nyuma yake mtu alikohoa.

"Hata mimi nimesahauliwa," msimamizi alisema. "Kuna aliyefagia nyayo humu."

"Nimefuta mimi, bosi," Chiriku alisema. "Ilikuwa nzito."

"Asante, mama. Na mzito mwingine ni nani?"

Wanawake walianza kusogea mlangoni.

"Basi vueni aproni. Joto hili litawaua."

Hakupaza sauti. Wanawake walifungua vifundo, mmoja baada ya mwingine. Mshona kola alikuwa wa mwisho. Kifundo chake kilikuwa kimekazwa mno. Msimamizi hakulitazama tumbo kwa muda mrefu. Alitazama kalenda ukutani.

"Mwezi huu mfupi," alisema.

Mkataba wa mshona kola ulipoisha, na wa Chiriku pia, aliketi kitandani na simu ya mumewe, akafungua tovuti ya ofisi ya kazi ili apeleke malalamiko. Kitufe cha kijani kikatokea. Safari hii hakukurupuka. Alizitafuta herufi za kijivu, akazipata, akazima vidakuzi kimoja kimoja: vya takwimu, vya matangazo, vya washirika. Akahifadhi.

*Fomu hii haifanyi kazi bila vidakuzi vyote.*

Alijaribu tena. Jibu lilikuwa lile lile. Akarudi kwenye kitufe cha kijani, akakubali yote.

Fomu ilifunguka. Kwenye sababu ya kuachishwa kazi aliandika: mimba. Kabla hajatuma, pembeni pakajitokeza gauni la kitoto lenye kola ya samawati. Alilikuza kwa vidole viwili. Pembeni mwa kola, uzi ulikuwa umerudishwa mara mbili, kama alivyourudisha yeye peke yake katika safu yao kiwandani ili usifumuke.

*Mama mtarajiwa,* tangazo lilisema, *tunakujali.*