Hita Isiyozimika

Ardis Fossum alikung'uta theluji kwenye buti zake mlangoni mwa duka la chambo la Milton Krogstad, akavua glovu, akazitia mfukoni, akamsalimia mumewe. Lowell alikuwa amesimama mbele ya hita ya maonyesho, ile inayowaka karibu na dirisha msimu mzima wa baridi. Kando yake alikuwa Delmar Quist. Theluji ilikuwa ikiyeyuka mabegani mwao na kudondoka sakafuni. Lowell alikufa mwaka juzi. Delmar alimtangulia.

"Umechelewa leo," Lowell alisema.

"Katapila la theluji halijapita kwetu."

"Enzi zangu ningekuwa nimeshapita mara mbili," alisema Delmar, aliyekuwa dereva wa katapila hilo. "Huyu waliyemwajiri sasa analala mno."

Wafu wa vibandani, wale waliofia kwenye vibanda vya kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa, huja dukani jua linapoanza kushuka, na Januari kule jua halichelewi kushuka. Wanatoka ziwani kwa miguu, wanafuata njia ambayo pikapu zimeichora juu ya barafu, na wanapiga hodi ingawa mlango haufungwi. Wanakuja kuota moto. Joto hawalipati, lakini wanasema kusimama karibu ni afadhali. Mashavu yao ni mekundu kama ya watoto waliotoka kucheza, maana hewa mbaya ya gesi humwacha mtu hivyo, na ukiwapanga mstari mmoja na walio hai wa mji wa Hollen utadhani wagonjwa ni hao wengine. Milton huwamiminia kahawa, na wakishaondoka hupiga deki. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini wanakuja kwake na hawaendi duka kubwa la ng'ambo ya ziwa. Milton mwenyewe anaamini wanafuata kahawa.

Siku hiyo Ardis hakuja kukaa na mumewe tu. Renae, binti yao wa pekee, alikuwa amekipaka rangi kibanda cha baba yake na kukiburuta tena hadi ziwani. Alisema anataka kuvua pale baba alipokuwa akivua. Mtu mzima hakatazwi, na Ardis hakumkataza. Alichoweza ni kumchagulia hita mwenyewe, kwa mkono wake. Alitaka kitu kimoja tu duniani, mtoto aende ziwani na arudi.

Alianza na ndogo, ile ya mtungi mfupi wa gesi wa kutumia na kutupa.

"Hiyo ni ya kukaushia soksi," Lowell alisema.

Akashika ile inayokaa juu ya mtungi mkubwa, kichwa chake cha mviringo kama alizeti.

"Hiyo itamwoka. Kibanda chenyewe kama kabati. Dari itatoa jasho, imdondokee shingoni. Halafu aipige teke kidogo tu, imeanguka."

"Wewe uliwahi kuipiga teke."

"Ndiyo maana nasema."

Ya tatu ilikuwa ya wastani, ina mpini wa kubebea na wavu mbele ya moto. Lowell aliinama akaizunguka, maji yakimtoka kwenye mkono wa koti.

"Hii ni kama yetu," alisema. Akanyoosha kidole kwenye kipande cha shaba kilichokaa karibu na mahali pa kuwashia, kidogo kuliko ncha ya kidole gumba. "Ila yetu haikuwa na hiki."

"Ni nini?"

"Kinanusa hewa. Hewa ikiharibika, kinazima moto."

"Kwa nini yetu haikuwa nacho?"

"Tulipoinunua kilikuwepo."

Juu ya kaunta ya Milton, kando ya chupa ya pipi za mdalasini, kuna chupa nyingine pana ya kioo iliyojaa vipande vya shaba. Miaka yote Ardis alidhani ni chubwi za mishipi. Sasa aliiangalia, akaangalia hita, akaiangalia tena ile chupa.

"Chako kimo mle?"

"Kimo, huko katikati."

"Changu kiko chini kabisa," Delmar alisema, kwa fahari kidogo.

Vidude hivyo ni vya usalama, na vina kero. Upepo ukipuliza, baridi ikizidi, vinakata moto na hewa ni nzuri tu, na mtu amepiga magoti penye tundu la barafu vidole vimekufa ganzi. Wavuvi walikuwa wakirudi dukani wakilalamika. Milton hawezi kumwona mteja amenuna, kwa hiyo huchukua bisibisi, hukitoa kile kidude, humrudishia mtu hita yake, na hakubali malipo. Mji mzima unamsifu kwa hilo. Vipande hakuvitupa, maana watu wa huko hawatupi kitu.

Lowell alipokutwa amelala kibandani na hakuamka, sherifu, mkuu wa polisi wa huko, alisema alirundika theluji kuzunguka kuta akaziba tundu la hewa. Ni kweli alirundika. Wote hurundika, ndivyo upepo unavyozuiwa kule, na hakuna asiyewahi kuziba tundu siku moja au nyingine. Habari za hita hazikutajwa.

Ardis alishikwa na hasira. "Siku zote hizi unasimama hapa. Kwa nini hukuniambia?"

Lowell alitazama ndani ya kikombe chake, ambamo kahawa ilikuwa imeshaanza kuganda. "Mtu anakumiminia kahawa kila siku, Ardis. Utamwanzaje?"

Milton alikuja kutoka nyuma akijifuta mikono. Ni pande la mtu mwenye sauti ndogo. Alisoma na Lowell darasa moja, akabeba jeneza lake mbele upande wa kushoto, na Renae alipobatizwa ni yeye aliyempakata. Mpaka leo hufagia theluji uani kwa Ardis kabla hajaamka, na ukimshukuru anaona haya.

"Umechagua vizuri, shemeji," alisema. "Nikurekebishie? Ni dakika moja."

Hapa inabidi uwajue watu wa Hollen. Kwao kitu kikitolewa hukataliwa mara ya kwanza, hukataliwa mara ya pili, na mara ya tatu hupokelewa. Iwe kahawa, iwe lifti, iwe kipande cha mwisho cha nyama mezani. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi. Anayekataa mara ya tatu amemtukana mwenzake, na sijui kama kuna tusi linalozidi hilo upande ule.

"Usijisumbue," Ardis alisema.

"Si usumbufu. Zikiwa hivi zinazimika-zimika. Mtoto ataganda."

"Iko sawa tu ilivyo."

"Kwa ajili ya Lowell, shemeji. Nipe."

"Sitaki, Milton."

Mtu aliyekuwa akinunua visamaki vya chambo aliinua macho akaanza kukagua dari. Delmar aliweka kikombe chini. Lowell aliangalia buti zake. Milton aliiva masikio, akaifunga hita kwa karatasi, akaibeba mpaka kwenye pikapu ya Ardis, halafu akapangusa barafu kwenye kioo cha mbele bila kuombwa. Hilo la kioo lilimuumiza Ardis kuliko yote.

Alipofika nyumbani habari zilikuwa zimeshamtangulia. Renae alikuwa jikoni, hajavua kofia.

"Mama, umemkatalia Anko Milton mara ya tatu?"

"Nimemkatalia."

"Mbele za watu?"

"Baba yako anasema hita yake haikuwa na hicho kidude."

"Baba amesema Anko Milton amekosea?"

"Hajasema hivyo."

"Ehe. Wewe unasemaje?"

Hapo mtu mwingine angesema. Angepiga meza, angetaja chupa, angemtaja Milton kwa jina lake na la baba yake. Ardis alifungua kinywa, akamwona Milton amebeba jeneza, akamwona anafagia uani alfajiri. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi tangu siku ile methali hiyo siipendi.

"Acha dirisha wazi kidogo," alisema.

"Sawa, mama."

"Na moto ukizimika, toka nje kwanza."

"Nje baridi inapasua matairi, mama."

"Toka tu."

Moto ulizimika. Upepo ulishuka kutoka kaskazini, na kila Renae alipotia mshipi majini hita ilikata. Aliwasha, ikakata. Alitoka nje kama alivyoambiwa, akarudi na kope zimeganda. Hayo yote aliyavumilia. Kilichomkosesha raha ni Milton, aliyepita na pikapu yake juu ya barafu, akainua kidole kimoja kwenye usukani kumsalimia kama kawaida, wala hakusimama. Mtu aliyempakata ubatizoni amepita hakusimama. Renae alirudi nyumbani akaoka keki ya limau.

Aliipeleka dukani alasiri, na hita akaibeba, kwa sababu ilikuwa ndani ya gari na mtungi wake ulihitaji kubadilishwa. Baba yake alikuwepo, na Delmar.

"Nimekuja kumwombea mama radhi," alisema. "Hajawa sawa tangu baba aondoke."

"Hakuna neno," Milton alisema, akaikataa keki. Akaikataa tena. Mara ya tatu akaipokea, na macho yake yalikuwa na maji. Alikata vipande, akampa kila mtu, na wafu pia. Kisha akaitazama hita.

"Nikurekebishie, mwanangu?"

"Hapana, Anko, usijisumbue."

"Si usumbufu."

"Iko sawa."

"Nipe nikufanyie. Nisipokufanyia wewe, nimfanyie nani?"

Lowell alikohoa. Alisogea hatua moja kutoka penye moto, jambo ambalo wafu hawalifanyi. "Upepo utapungua wiki hii," alimwambia binti yake. Kwa mtu wa Hollen hiyo ni kelele ya kuvunja vioo. Renae alimsikia, akamtazama, na nadhani alielewa nusu. Lakini mtu aliyekuja kuomba radhi kwa ajili ya mara ya tatu atakataaje mara ya tatu?

"Basi," alisema, "kama si usumbufu."

Kipande kilianguka kwenye chupa kwa mlio mdogo. Hita ikawaka vizuri, bluu chini na nyekundu juu, wala haikuzimika tena. Kesho yake upepo ukazidi. Renae alirundika theluji kuzunguka kibanda, akaishindilia kwa koleo, kama baba yake alivyomfundisha.

Sherifu alifika kwa Ardis asubuhi, akavua kofia, akasema ni theluji, imeziba tundu. Ardis alimpa kahawa. Alikataa mara mbili, akanywa. Alasiri Ardis akavaa buti akaenda dukani, maana angekwenda wapi kwingine.

Renae alikuwa amesimama kati ya baba yake na Delmar, mashavu mekundu, nywele zinadondosha maji.

"Usiniangalie hivyo, mama," alisema.

"Unasikia baridi?"

"Nasikia. Ila hapa ni afadhali."

Ardis aligeukia rafu ya ndoano akalia huko, kwa sauti ndogo, na watu wakampa nafasi ya kulia. Milton alipiga deki kuzunguka miguu yake huku naye machozi yanamtoka, kisha akamletea kiti. "Ningemkumbusha tundu," alisema. "Shemeji, si ningemkumbusha tu tundu." Alikuwa anaamini hivyo kwa moyo wake wote. Hakuna mtu mwema kuliko Milton katika mji ule, na la kuvunda halina ubani.

Ardis alifuta uso, akasimama. "Milton," alisema.

"Naam, shemeji."

Renae alimgusa mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama chuma cha nje. "Mama," alinong'ona, "ukimwambia, akafunga duka, tutasimama wapi?"

Ardis alimtazama binti yake, akamtazama mumewe. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye miti, na njia ya kutoka ziwani ilikuwa tupu na ndefu. Akaketi. Milton alimpa kahawa. Alikataa, akakataa tena, akapokea.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwalimu mpya wa shule ya mji, amekumbatia hita, na nje mkewe alikuwa akimsubiri garini. Alisema inamzimikia kila upepo ukivuma, pengine yeye ndiye hajui kuiwasha. Milton alicheka kwa upole, akamwambia kosa si lake.

"Nikurekebishie?"

"Hapana, asante. Usijisumbue."

"Si usumbufu hata kidogo."

"Nitajaribu tena mwenyewe."

Ardis alishika kikombe kwa mikono miwili. Lowell alitazama buti zake.

"Lete tu, mwalimu," Milton alisema. "Ni dakika moja."

"Basi, kama si usumbufu."

Milton alichukua bisibisi. Kipande kilianguka juu ya kile cha Renae. Renae akamsogelea baba yake kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja mbele ya hita.