Mshale Ulioanzia Kwenye Nne

Usiku wa jana niliota nimekaa kwenye benchi la kliniki ya macho, na kando yangu yamekaa matairi manne ya gari langu, kila moja limeshika kadi yake ya mgonjwa.

Nieleze kwanza mambo ya kweli, kwa sababu ndoto haina mpangilio na mimi ninao.

Kazi yangu ni kupima vipimo. Watu huleta mizani na geji za upepo kwenye maabara yetu hapa Arusha. Kipimo kikiwa sahihi nakibandika stika ya kijani, kikikosea nakibandika nyekundu. Nimewahi kubandika nyekundu geji iliyokosea kwa upepo mmoja tu, yaani alama moja ya presha. Mwenye kituo cha mafuta alinung'unika hadi getini. Nilimpa nakala ya kanuni.

Mwaka jana tulikuwa tunamrudisha mama mkwe wangu, Mama Paskalina, kwake Mang'ola, tukakwama kwenye korongo la mchanga karibu na nyumbani kwake. Dawa ya mchanga inajulikana: unapunguza upepo, tairi linatanuka, gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ukishavuka unajaza tena. Mke wangu Emiliana alikuwa na geji ndogo ya upepo yenye umbo la kalamu mkobani. Niliikataa, haikuwa na stika. Tukakaa korongoni kwa muda wa saa sita. Mama Paskalina, mwenye miaka sabini na mmoja, alishuka akasukuma. Mwishowe tulivutwa na punda.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitengeneza mfumo. Ningeweza kununua ulio tayari, lakini niliona picha yake nikahesabu makosa matatu. Wangu umechukua miezi minne: kompresa chini ya boneti, na mipira minne mirefu, mmoja kwa kila tairi, inayokutana kwenye kichwa kimoja cha shaba chenye geji moja. Ukifungua, matairi yote yanapungua pamoja. Ukiwasha kompresa, yanajaa pamoja. Kwa kuwa yameunganishwa, upepo unasawazika wenyewe.

Leo ndiyo siku ya kumrudisha Mama tena. Wiki mbili zilizopita alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Daktari alisema asiiname, asinyanyue kitu kizito, asisukume kitu. Aliposema "asisukume" alikuwa ananitazama mimi.

Jana tukiwa mezani Emiliana alisema, "Baba Ritha, tukikwama pale, Mama atashuka."

"Hatutakwama."

"Atashuka tu. Unamjua."

"Upepo kumi na nane, matairi yote manne, yamesawazishwa."

"Na mzigo wote uko nyuma."

"Chochote kilichounganishwa husawazika, Mama Ritha. Hiyo si imani, ni fizikia."

Mama Paskalina akatafuna tonge lake hadi mwisho. "Nitakaa ndani, mwanangu," akasema. "Nitajaribu." Kisha akafungua mdomo kama mwenye neno lingine, nami nikatumia nafasi hiyo kumweleza sheria ya gesi.

Turudi kliniki.

Nesi anatoka na faili. "Mbele Kushoto!"

Tairi la mbele kushoto linajiviringisha mpaka mlangoni na kurudi. Presha yake thelathini na mbili. Linafuata Mbele Kulia, thelathini na mbili vilevile. Yote mawili yananitazama kama wanafunzi waliofaulu.

"Nyuma Kushoto!"

Nyuma Kushoto halisogei. "Siwezi haraka hiyo, dada," linasema. "Mimi nabeba."

"Unabeba nini?"

"Pipa la maji, jeki, mabati kumi, gunia la mchele, na Mama. Yeye hukaa upande wangu." Linanyoosha valvu yake kunielekea. "Huyu bwana anasema sote tuko sawa."

"Mko sawa kwa upepo," nilisema.

"Na yale ya mbele yanabeba nini?" nesi anauliza.

"Sisi tuna injini," linajibu Mbele Kulia kwa heshima. "Na miwani yake ya jua."

Nesi anaandika miwani. Kisha anafungua kabati na kutoa mfumo wangu, ila sasa una mipira mitano. "Kanuni ni yako mwenyewe," ananiambia. "Chochote kilichounganishwa husawazika. Fungua kifungo cha shati."

Anaufunga mpira wa tano kitovuni mwangu. Unabana vizuri, hauvujishi. Nilifurahi kuona kazi yangu ni safi.

Tunasawazika.

Haikuwa hewa peke yake. Mimi nina miaka arobaini na sita, matairi yana mitatu kila moja. Jumla hamsini na nane, gawanya kwa tano: sote tukawa na miaka kumi na moja na miezi saba. Nilirudia hesabu na ilikuwa sahihi. Elimu yangu nayo ikagawanyika. Nyuma Kulia, lililokuwa kimya muda wote, likaanza kunieleza sheria ya gesi, polepole, kama mtu anayezungumza na mkwewe. Nilitaka kusema naijua. Lakini nilikuwa nimebaki na sehemu moja kati ya tano, na sehemu hiyo ilikuwa darasa la tatu, kwa hiyo nikasikiliza.

"Unaelewa?" likauliza.

"Kidogo."

"Hatukuzoea jibu hilo," likasema Nyuma Kushoto.

Sakafu ya kliniki ni mchanga. Ilikuwa mchanga tangu mwanzo, mimi ndiye ambaye sikuangalia chini. Benchi ni kiti cha nyuma cha gari langu. Tuko korongoni, jua liko utosini, na matairi yamerudi mahali pake chini ya gari, mipira yote ikiwa imeunganishwa. Emiliana amekaa mbele anakata kucha. Mama Paskalina amekaa nyuma upande wa kushoto, kifuniko cha plastiki kikiwa juu ya jicho lake, mikono mapajani, anajaribu.

Punda anateremka kwenye ukingo. Amevaa koti langu la kazi, lenye jina langu kwenye mfuko.

"Shikamoo," nikamwamkia. Sijui kwa nini.

"Marahaba. Nimekuja kukagua mfumo." Anatoa fomu zangu. "Bwana Mfinanga, mwaka jana nilikuvuta kutoka hapa hapa. Hukuniuliza kama nimepimwa."

"Ilikuwa dharura."

"Nguvu yangu ni punda mmoja. Umeona stika yoyote?"

Nikakiri kwamba sikuona. Akaandika.

"Kanuni ya pili katika daftari lako," anaendelea, "inasema mtu asisome geji wakati hewa inapita. Ni kanuni nzuri. Uliiandika wewe?"

"Ndiyo. Hewa ikiwa inapita, mshale unasoma mpira, hausomi tairi. Lazima usimamishe, usubiri utulie, ndipo usome."

"Vizuri. Sasa kuna upepo korongoni."

Na kweli kulikuwa na upepo, ule wa vumbi jeupe unaotoka upande wa ziwa la chumvi lililo karibu. Kwa kuwa hewa ilikuwa inapita, hakuna aliyeruhusiwa kusoma chochote. Sote tukafumba macho. Punda alifumba, Emiliana alifumba, taa za gari zikafumba. Nilisubiri utulie. Mimi ni mtu wa kusubiri utulie.

Nilipofumbua, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Mama Paskalina yuko nyuma ya gari. Amevua viatu na kuvipanga. Amejifunga kanga kiunoni, ameweka viganja viwili kwenye mlango wa nyuma, na ameinama. Kwenye kifuniko cha jicho lake kuna mshale mdogo unaopanda: kumi na tano, kumi na sita.

"Mama, usisukume!" nikapiga kelele.

Sauti haikufika. Nilikuwa nimesawazishwa na matairi, na sauti yangu ilitoka laini, imetanuka, ikakaa juu ya mchanga bila kuzama.

"Mwambie punda avute," nikamwambia Emiliana.

"Mwambie mwenyewe. Amevaa koti lako."

"Tafadhali vuta," nikamwambia punda.

"Kwa utaratibu," anasema punda. "Kwanza tuhakiki sifuri."

Hili nalo ni langu. Geji isiyounganishwa na kitu chochote lazima isome sifuri. Ndicho kipimo cha kwanza kuliko vyote, kinachukua muda wa kutupa jicho mara moja, na asiyekifanya hana haki ya kufanya kingine. Nimewahi kulisema hilo mbele ya semina, nikapigiwa makofi.

Punda akang'oa mipira yote kwa meno. Kumi na nane, ulisema mshale wa Mama. Akaigeukia geji yangu.

"Uko kwenye sifuri?"

"Hapana," ikasema geji. Ilikuwa na sauti ya karani aliyechoka. "Mimi naanzia nne."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili, aliponiangusha kwenye saruji. Akaniokota, akanifuta kwa kitambaa, akanibusu."

"Sikuibusu," nilisema.

"Alinibusu kwenye kioo."

"Baada ya hapo alikupima?"

"Alinibandika stika ya kijani."

Punda akatoa kalamu sikioni. "Kabla ya kupima?"

"Badala ya kupima."

Nikasema kwamba nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe. Nikasema nilijua ubora wa vifaa. Sentensi hizo mbili nimezisikia mara nyingi sana kaunta ya maabara yetu, kutoka kwa watu niliowapa nakala ya kanuni.

"Kwa hiyo ikisoma kumi na nane," punda anasema.

"Ni kumi na nne," yakajibu matairi manne kwa pamoja.

"Na kwa kumi na nne," likaongeza Nyuma Kushoto, "nikiwa na pipa, mabati na Mama, kwenye ile kona ya kutokea korongoni mimi nachomoka kwenye rimu. Sisemi kwa hasira. Ni hesabu tu."

"Nani mwingine alijua kuhusu hiyo nne?" punda anauliza.

"Muulizeni Mama," ikasema geji. "Ameniona tangu juzi. Alitaka kusema mezani, akafundishwa gesi."

Ishirini. Mama ameinama zaidi, miguu imezama mpaka kwenye vifundo, na gari halijasogea hata unene wa kucha. Nikakimbia. Kila hatua ninayopiga, mchanga unairudisha kwa upole. "Mama, inatosha!" nasema kwa sauti yangu ya kumi na nne.

"Najaribu, mwanangu," anajibu bila kugeuka. "Wewe endelea kupima."

Ishirini na moja. Hapo ndipo kawaida ya presha ya jicho inapoishia. Niliisoma kwenye ukuta wa kliniki tukisubiri dawa. Punda akalamba stika nyekundu, taratibu, pembe zote nne, akanibandika kwenye paji la uso.

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Nilipapasa paji la uso, nikakuta jasho. Ndoto ni mabaki ya siku yanayopangwa vibaya na ubongo uliolala. Naamini hivyo na nina sababu. Nilitoka nje kwa ajili ya utaratibu tu. Kwa utaratibu huo huo nilikuwa nimevaa ndala za mke wangu, moja ya kulia na nyingine ya kulia.

Mama Paskalina alikuwa ameshaamka. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko na kikombe cha chai, kifuniko juu ya jicho, begi lake limefungwa miguuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeamka kama umeitwa?"

"Naangalia kitu."

Mfumo, ukiacha kompresa, ulikuwa umetundikwa kwenye msumari ukutani mwa banda la gari, mipira minne imeviringwa vizuri, haijaunganishwa na kitu chochote duniani. Stika ya kijani ilikuwa inang'aa. Nikasogeza taa.

Mshale ulikuwa kwenye nne.

Nikaigonga geji kwa kucha. Mshale ukatetemeka, ukarudi kwenye nne. Pembezoni mwa kioo, chini ya stika, kulikuwa na ufa mdogo ambao stika ilikuwa imeufunika karibu wote.

"Uko hapo hapo tangu juzi," alisema Mama nyuma yangu. Hakuwa ameinuka. Kutoka pale alipokaa hadi ukutani ni hatua kama sita. "Nikadhani ndivyo ulivyotaka."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Nilianza."

Akanywa chai.

Nikamwamsha Emiliana, nikamwomba ile geji yake ya kalamu. Aliingiza mkono kwenye mkoba bila kuuliza kitu, na hilo lilinichoma zaidi kuliko swali. Nikaipeleka maabara, nikafungua kwa ufunguo wangu, nikaipima kwenye mtambo, shinikizo tano tofauti. Haikukosea mahali popote. Nikarudia. Haikukosea. Nikarudi nyumbani kabla chai haijapoa kwenye birika.

"Mama," nikasema, "kule korongoni, mbele nitaweka kumi na nane. Nyuma naona tuweke zaidi, kila tairi peke yake, bila kuunganisha. Unaonaje?"

Akafikiri. "Mimi na yale mabati," akasema, "usitupe chini ya ishirini na mbili."

Nilikuwa nimekokotoa ishirini na mbili na nusu.

Nikatoa stika nyekundu kwenye mfuko wa koti la kazi, nikaenda ukutani, nikaibandika juu ya ile ya kijani, nikaikandamiza kwa kidole gumba.

"Imekaa upande, mwanangu," alisema Mama kutoka kwenye kigoda.

Nikarudi nyuma hatua mbili nikaangalia. Ilikuwa upande kweli, kwa kama nyuzi tatu.