Kipande cha Nyumba ya Baldacchi

Jumamosi ya mwisho ya Septemba, siku ya njia, Ermete Baldacchi alipanda mlima akiwa ameegemea bega la Rodica, mtumishi wake. Magoti yake ya miaka sabini na sita yalikuwa yamegoma tangu mwaka juzi. Rodica alimkokota mzee kwa mkono mmoja, na mgongoni alibeba panga, mundu, msumeno, reki na chupa ya divai ya mzee huyo huyo. Ermete alibeba fimbo yake na ulimi wake.

"Polepole, we punda wa Moldova! Unataka nife kabla sijafika?"

"Hapana, bwana Ermete. Ufe ukishafika."

Ermete alicheka mpaka akakohoa. Alidhani ni lugha tu inayomshinda Rodica.

Pale kijijini Roccalbina kila nyumba ina kipande chake cha njia ya mlimani, kuanzia kanisani mpaka juu kileleni, na siku hiyo kila nyumba husafisha kipande chake. Nyumba ikishindwa miaka mitatu mfululizo, haki yake ya kuokota kastanya katika msitu wa kijiji inakufa. Ermete alikuwa ameshashindwa miwili. Mwanawe aliyeko Torino kila mwaka alipata mkutano siku hiyo hiyo. Na kastanya kwa Ermete hazikuwa kokwa za kutafuna tu jioni. Ndizo zilikuwa unga wake wa majira ya baridi, tena ndizo heshima yake, maana asiye na sehemu msituni hukaa kanisani benchi la nyuma, pamoja na watu wa mjini wanaokuja Agosti na kaptura zao.

Sheria ilikuwa na jambo moja zaidi. Kipande kisafishwe na mikono ya mtu anayelala chini ya paa la nyumba yenyewe. Wazee waliiweka hiyo zamani, kwa sababu matajiri walikuwa wakikodi vibarua wa bondeni huku wao wakiota moto. Jioni mkuu wa njia hupita akamuuliza aliyefanya kazi: unalala wapi? Neno la mfanyakazi ndilo neno. Hakuna shahidi, hakuna kiapo.

Na Rodica hakulala chini ya paa la Ermete. Miezi kumi mizima alikuwa amemwogesha, amemkata kucha za miguu, amemtafunia karibu kila kitu isipokuwa maneno, lakini usiku ukiingia alitoka nje. Alilala nyuma ya nyumba, katika kibanda cha mawe kilichojengwa kwa ajili ya kukaushia kastanya kwa moshi. Kuta zilikuwa nyeusi tii na mlango haukufunga sawasawa. Ndani ya nyumba chumba cha juu kilikuwa kitupu, kitanda cha marehemu mkewe, Assunta, kimetandikwa, shuka zinabadilishwa kila Pasaka. Aliyezifua alikuwa Rodica.

Jana yake jioni, Rodica akimpaka dawa magotini, Ermete alimwambia, "Kesho mkuu wa njia, Delfina, akikuuliza, sema unalala chumba cha juu."

Rodica aliacha kusugua. "Basi nilale huko leo. Usiku mmoja tu, nisiseme uongo."

"Kwenye kitanda cha Assunta? Na huo moshi utautoa lini kwenye godoro langu?"

"Moshi ni wa kibanda chako, bwana Ermete."

"Utasema nilivyokwambia, au Jumatatu unapanda basi la kwenu. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Rodica, akafunika kopo la dawa.

Usiku mmoja. Mzee angetoa usiku mmoja tu, mambo yake yote yangenyooka. Lakini bahili wa moyo hana dawa, na mimi namlaumu zaidi kwa hilo kuliko kwa matusi yake yote.

Kipande cha Baldacchi ndicho kibaya kuliko vyote, pale njia inapopinda juu ya korongo. Kwa miaka miwili bila mkono wa mtu, miiba ilikuwa imefunga pande zote mbili, na mti mzima umelala katikati. Ermete alikaa juu ya jiwe lililoandikwa herufi B ya nyumba yake, akafungua divai, akaanza kuamuru.

"Kata chini, chini kabisa! Kwenu mnafyeka kwa meno?"

Rodica alikata chini.

"Mti huo hausukumwi, unakatwa. Loo, hata msumeno hujui kuushika. Assunta angekuwa amemaliza, akarudi kupika."

Rodica aliukata mti vipande vitano, akavipanga kando. Aliondoa mawe yaliyoporomoka. Alichimba mfereji wa maji kwa ncha ya panga, kitu ambacho hakuambiwa. Kufikia saa saba mikono yake ilikuwa imechanika mpaka viwikoni na amefunga kiganja kimoja kwa kitambaa cha kichwani. Ermete alikula mkate na jibini, akamtupia ganda la jibini.

Wapanda milima wawili wa mjini walipita, mume na mke, kila mmoja na fimbo mbili mikononi. Yule mwanamke alisimama akatazama njia ilivyong'aa.

"Jamani, imependeza! Ni nani amefanya kazi hii?"

"Nyumba ya Baldacchi," alijibu Ermete, akivua kofia.

Rodica alikuwa amepiga magoti hatua mbili kutoka hapo, akiokota miiba kwa vidole. Wapanda milima walimpita, wakaaga, wakaenda. Alipoinuka alisema bila kumtazama mzee, "Bwana Ermete. Nikilala mle kuanzia leo usiku, nitasema ndiyo kwa moyo mweupe. Niahidi tu."

"Wewe na kitanda hicho! Umekuwa kama mbwa na mfupa. Safisha."

Hakumwomba tena.

Jua lilipogusa mgongo wa mlima, walikuja. Mbele alikuwa Delfina Tonarelli, mkuu wa njia, mwanamke mfupi mwenye buti za mwanamume. Nyuma yake Ivo seremala, na makopo mawili ya rangi, nyekundu na nyeupe, za kuchorea alama za wapanda milima. Nyuma ya Ivo kijiji kizima, wakishuka kwenda kula pamoja kanisani.

Ermete alimwona Delfina, akajua anayemjia ni nani. Miaka ishirini nyuma mkuu wa njia alikuwa Ermete mwenyewe. Mume wa Delfina, Sirio, alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti wa cheri akavunjika uti wa mgongo, na mwaka wa tatu kaka yake Delfina akavuka mto kuja kuwasafishia kipande chao. Alikisafisha vizuri. Ermete akamuuliza unalala wapi, yule kaka akasema kweli, na nyumba ya Tonarelli ikafutwa. Kwa miaka kumi na mmoja, mpaka haki hiyo iliporudishwa, Delfina aligonga milango akiomba unga wa kastanya, na mlango wa Ermete haukufunguliwa hata siku moja. Sirio alikufa katikati ya miaka hiyo.

Delfina alikipita kipande chote, akarudi. Aliinama akatazama mfereji.

"Sijaona kipande kilichosafishwa hivi leo," alisema. "Hata changu."

"Baldacchi ni Baldacchi," alisema Ermete.

"Mama, mikono ikoje?" Delfina alimuuliza Rodica.

"Ipo."

"Nakuuliza kama tunavyouliza wote. Unalala wapi?"

Ermete alikuwa ameshaweka mkono juu ya herufi yake, tayari kwa Ivo kuipaka upya. Rodica aliitazama ile mikono yake kama anayetafuta mwiba uliobaki.

"Ninalala kwenye kibanda cha moshi," alisema. "Nyuma ya nyumba. Nimeomba kulala ndani. Jana nimeomba, na leo nimeomba."

"Muongo!" Ermete alipiga fimbo chini. "Muongo huyu, ana chumba cha juu, kina pazia, kina..."

"Pazia ni la njano," alisema Rodica. "Nalifua mimi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, wakafuata wote. Delfina peke yake hakucheka. Alimwambia Ivo, "Futa."

Ivo alichora kwanza alama ya wapanda milima, mstari mwekundu na mweupe, safi kabisa, maana njia ilistahili. Kisha akachovya brashi kwenye nyeupe, akamwambia Ermete, "Samahani, babu, sogeza mkono." Mkono haukusogea. Ivo akapaka B pamoja na vidole vilivyokuwa juu yake.

"Delfina," alisema Ermete, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nitakula nini?"

"Gonga milango."

Walianza kushuka. Ermete alijaribu kusimama, goti likakataa.

"Rodica! Bega!"

Rodica alikuwa akipanga zana kando ya jiwe, moja moja. "Panga. Mundu. Msumeno. Reki. Zako zote hizi, nisije nikaitwa mwizi."

"Na mimi je?"

"Njia nimekusafishia, bwana Ermete. Hakuna hata mwiba."

Akawafuata wenzake. Ermete alimwita Ivo, akamwita mke wa Ivo, akawaita watu ambao watoto wao aliwasimamia ubatizo.

Ivo aligeuka mara moja. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, babu!"

Ermete alishuka kwa makalio. Aliiweka fimbo mapajani, akasukuma kwa viganja, na kila kona alipumzika akaita jina jingine. Kutoka chini harufu ya ugali wa manjano na soseji ilimfikia, na mlio wa kinanda cha mkono, na sauti za watu wakimsifu Rodica kwa ule mfereji. Walimsikia vizuri. Watoto walitumwa kuchungulia, wakarudi wakasema bado yuko kwenye kona ya tatu.

Alipofika kanisani sahani zilikuwa zimeshaoshwa.