Waliomwosha Mama

Mama yangu, Bi Kuruthumu, aliosha maiti za wanawake hapa Mkange kwa miaka thelathini. Nilipomaliza kidato cha nne nikawa msaidizi wake, namshikia maji.

Mwaka juzi alikuja Naila, mwanafunzi wa chuo kikuu, akitafiti wanawake wanaotoa huduma katika dini. Alikaa kwetu siku nne. Mama alimpenda, akamwonyesha kukata sanda na kusaga karafuu maiti.

"Bibi, hujawahi kuona jambo likakutisha?" Naila aliuliza.

"Andika sabuni, mwanangu. Andika pamba. Mwili wa mtu uache."

"Hata nikificha jina?"

"Hata maiti akikuruhusu mwenyewe," Mama akasema, akacheka.

Ndiyo sheria ya waoshaji: alichokiona mwoshaji hakitoki nje.

Nilipomsindikiza Naila kwenye basi, nikamweleza habari za Hafidha, mwanamke wa hapa kijijini tuliyemwosha. Watu waliambiwa kafa kwa homa. Mimi niliuona mgongo wake: alama za mkanda, mbichi juu ya makovu. Nilitaka tu Naila aone kwamba nami najua kitu.

Utafiti ukatoka. Majina aliyaficha, lakini aliandika "mke wa fundi cherehani, mama wa pacha". Mwalimu Yunus aliusoma kwenye simu, na kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilijua ni nani.

Maulida, dada wa Hafidha, akaja uani kwetu.

"Bi Kuruthumu, dada yangu ulimvika sanda kisha ukamvua?"

Mama alinitazama mara moja tu. "Nisamehe, Maulida."

Hakunitaja. Nami sikusema.

Tangu siku ile Mama hakuitwa tena kuosha. Ukitokea msiba, walimfuata mwoshaji wa Msata. Mama alibaki ndani, haendi hata kwenye hitima.

Alifariki Jumatatu asubuhi. Nilipasha maji nikasubiri. Mpaka saa nne hakuja mtu. Kisha akaingia Maulida na wanawake wawili.

"Nani alimwambia yule msichana?"

"Mimi."

"Nilijua siku ile ile, alivyokutazama. Nilingoja mmoja wenu aseme." Alikunja mikono ya gauni. "Haya, toka. Tutamwosha sisi."

"Dada Maulida, ni mama yangu."

"Na Hafidha alikuwa nani yangu?"

Nilikaa nje, mgongo ukutani. Ndani walimwaga maji, wakamgeuza, wakamwaga tena.