Bata Mgeni na Fimbo za Myeong Du-sik

Ok Chang-hun alikuwa na domo, na domo hilo ndilo lililompa jina pale mjini Daejeon, Korea Kusini. Kila Jumamosi mchana wapenzi wa gemu za mapigano walikutana katika jumba la kompyuta la Bi. Ma, kila mtu na kifaa chake begani. Wengine walikuja na padi za kushika kwa mikono miwili, wengine walitumia kibodi tu, lakini wengi walikuwa watu wa fimbo: sanduku la kuweka mapajani, vitufe vya kupigia upande wa kulia, na kushoto fimbo fupi ya kumwongozea mpiganaji. Chang-hun alikuwa msemaji wao. Waliotumia vitufe vitupu bila fimbo aliwaita makarani. "Karani, unapigana au unaandika barua ya kuomba kazi?" angeuliza, na jumba zima lingecheka, karani mwenyewe akiwemo.

Fimbo alizozisifia zilitengenezwa na Myeong Du-sik, mtu mpole, mdogo wake kwa miaka michache, aliyemwita kaka tangu walipojuana. Du-sik alikuwa na karakana nyuma ya soko la samani. Alikata mwenyewe raba za ndani, zile zinazoirudisha fimbo katikati ukiiachia, na akazijaribu moja moja kwa kiganja chake. Du-sik anatengeneza, Chang-hun anasifia. Ndivyo walivyoishi, chanda na pete.

Sasa lile domo likamponza. Siku moja Chang-hun aliamua kununua kibao cha makarani, kile chenye vitufe vinne vya kwenda huku na huku badala ya fimbo, akijue vizuri ili apate kukitukana vizuri. Akakijaribu peke yake nyumbani, akacheka. Akakijaribu tena, asicheke. Maana fimbo, hata iwe nzuri vipi, ikitoka nyuma kwenda mbele lazima ipite katikati, na safari hiyo inakula muda. Kitufe hakina safari. Kidole kimoja kinainuka, kingine kimekwisha kubonyeza. Mpiganaji wake aliyekuwa akirudi nyuma kwa kujikokota sasa aliteleza kama sabuni bafuni. Kusema kweli, Chang-hun alikuwa fundi zaidi kwa vitufe kuliko alivyowahi kuwa kwa fimbo, na jambo hilo lilimtia aibu tangu siku ile ya kwanza.

Angesema tu. Mtu mzima anasema, "Jamani, nimejaribu, nimekipenda," anachekwa wiki moja, yanaisha. Yeye akakificha kibao kabatini chini ya mablanketi, akajifungulia jina jipya mtandaoni, Bata Mgeni, akawa anacheza mlango umefungwa.

Haikupita muda, mtandao ukamkutanisha na Du-sik. Jina la karakana lilikuwa pale kwenye skrini, wazi kabisa. Hapo ndipo alipopaswa kutoka. Hakutoka. Akamchapa, akamchapa tena, na kwa ulevi wa ushindi akamwandikia: "Fimbo yako nzuri, ndugu. Itakufaa kukorogea uji."

Kwa nini aliandika vile? Mimi simtetei. Alikuwa na raha, basi, na raha ya namna hiyo haina adabu. Baya zaidi ni kwamba hakukoma. Kila walipokutana mtandaoni alimpiga, na kila baada ya kumpiga alilala vibaya.

Alipopita karakanani siku chache baadaye alimkuta Du-sik kajikunyata katikati ya masanduku yaliyofunguliwa, springi na skrubu zimezagaa sakafuni.

"Kaka, kuna mtu anaitwa Bata Mgeni," Du-sik alisema bila kuinua uso. "Ananipiga kila tukikutana. Nilidhani ni mimi. Nimeangalia marudio ya michezo yote, mimi nimefanya sawa. Ni fimbo, kaka. Raba yangu inachelewa kurudi."

"Nani kasema? Raba yako haina neno."

"Wewe unasema hivyo kwa kuwa unanipenda. Yule hanijui, ndiyo maana kaniambia kweli. Kasema inafaa kukorogea uji."

Chang-hun alihisi masikio yanawaka moto.

"Achana na huyo bata," alisema.

Lakini Du-sik hakuwa mtu wa kuachana na jambo. Aliwaandikia wateja wake wote, akawaomba radhi, akaziita fimbo zirudi karakanani zitolewe raba laini na kutiwa ngumu. Hakuna mteja hata mmoja aliyekuwa amelalamika. Raba ngumu zilimtoa malengelenge kiganjani kwa kuzijaribu, akayafunga kitambaa akaendelea. Na Chang-hun alifanya nini? Alikwenda kumsaidia kufungua skrubu. Akakaa naye bega kwa bega, anatoa raba nzima zisizo na kosa na kuzitupa kwenye ndoo, na Du-sik akimwambia, "Ahsante, kaka. Bila wewe nisingejua pa kuanzia." Chang-hun alijichukia hata mate yakawa machungu mdomoni.

Jumamosi ilipofika, Du-sik alisimama mbele ya watu kwa Bi. Ma, akainama mpaka kiuno.

"Niliwauzia kitu kibovu," alisema. "Nimetengeneza kingine. Nimemwandikia Bata Mgeni aje mtandaoni leo saa hizi, na kaka Chang-hun atampiga kwa fimbo hii mpya, mbele yenu. Ikishindwa hii, sina ujuzi mwingine. Nafunga karakana."

Wakamkalisha Chang-hun kwenye kompyuta ya mbele, fimbo mpya mapajani. Skrini ikasubiri. Bata Mgeni hakutokea, na angetokeaje? Seong-dae, dereva wa lori la kabichi na mshabiki mkubwa wa fimbo, akaanza kutamba.

"Amekimbia! Kasikia ni Chang-hun, bata kaingia chini ya kitanda."

Watu wakacheka, wakampigapiga Chang-hun mabegani. Walimsifu. Alitamani ardhi ipasuke immeze, viatu na vyote.

Du-sik hakucheka. Alisubiri mpaka kelele zikatulia, kisha akaanza kuchomoa nyaya za ile fimbo mpya taratibu.

"Asipokuja sitajua kosa liko wapi," alisema. "Na mimi siwezi kuuza kitu nisichokijua. Basi, nafunga tu. Kaka yangu wa damu, aliye mji wa Cheonan, aliniambia kiwandani kwao wanatafuta watu."

"Du-sik," Chang-hun alisema. "Du-sik, yupo. Bata Mgeni yupo hapa."

Akauvuta mfuko wake kutoka chini ya kiti. Asubuhi ile alikuwa amekitoa kibao kabatini, hajui kama atakionyesha au atakitupa mtoni, akatembea nacho tu. Sasa akakiweka mezani, akakichomeka, akaandika jina na neno la siri. Skrini ikaandika: Karibu, Bata Mgeni.

Seong-dae alijitia kufunga kamba za viatu.

"Ile ya uji," Du-sik aliuliza. "Uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Na raba tulizotupa pamoja?"

"Zilikuwa nzima."

Du-sik alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kitu. Kisha akaenda kwenye begi lake, akatoa fimbo yake mwenyewe, ya zamani, ambayo hakuwa amewahi kuibadilishia raba. Akaketi kwenye kiti cha pili.

"Tucheze," alisema.

Chang-hun alidhani ameelewa. Alidhani ameonyeshwa mlango wa kutubu. Akacheza raundi ya kwanza kwa vidole vizito, akachelewa kidogo hapa, akakosea kidogo pale, akaacha pigo limpate ambalo hata mgeni wa gemu angelikwepa. Mpiganaji wake akaanguka. Watu wawili watatu wakapiga makofi.

Du-sik aliiacha fimbo, akaweka mikono magotini.

"Bwana Ok," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. Kwa Bwana na jina la ukoo ndivyo alivyowaita maafisa wa benki. "Bwana Ok, mpaka sasa hivi unanidanganya?"

Lililomchoma Chang-hun ni kwamba hakuwa hata amekusudia ubaya. Mikono yake ilikwenda yenyewe kwenye uongo.

"Cheza kweli," Du-sik alisema.

Akacheza kweli. Na hapo, kwa mara ya kwanza, alimwona Du-sik kwa karibu akiwa na fimbo laini, haombi radhi, hajishuku. Fimbo haikuchelewa hata kidogo. Kila alichotaka Du-sik kilitokea hapohapo alipokitaka. Chang-hun aliyaona mapigo yakija na akayaponea chupuchupu. Raundi ya pili aliipata kwa shida, na ya mwisho kwa shida zaidi, lakini aliipata. Alishinda. Hakuna aliyepiga makofi.

Du-sik aliitazama fimbo mapajani mwake, akaisukuma kidogo, akaiachia, ikarudi katikati.

"Raba ya zamani ilikuwa sawa," alisema. Akawageukia watu. "Aliyebadilishiwa aniletee tena. Nitarudisha ile ya kwanza. Sifungi."

"Nitakuja kesho kukusaidia kufungua," Chang-hun alisema.

"Hapana. Ahsante sana. Usijisumbue."

Alisema kwa heshima kabisa, kama anavyoambiwa mteja.

Bi. Ma alikuwa amekwisha kuleta sufuria ya tambi za moto zenye mayai, maana saa ya kula ilikuwa imefika na yeye hakuwa na jingine la kufanya. Kwa Bi. Ma, aliyeshinda mchezo wa mwisho ndiye anayeonja kwanza. Wengine hawagusi kabla yake. Akapakua bakuli moja, akaliweka mbele ya Chang-hun. Watu wote wakakaa, vijiti vya kulia mkononi, wakitazama meza.

Chang-hun hakuligusa bakuli, mvuke ukimpanda usoni.

"Kula, Bwana Ok," Du-sik alisema. "Watu wana njaa."

Akainua vijiti, akala.