Gari Jekundu la Harusi ya Mama

Mama alikuwa na ulimi usio na breki, na safari hii ulimfikisha pabaya. Mbele ya wanawake wa kikundi chake alijigamba kwamba siku ya harusi yake aliondoka kwa gari jekundu. Kumbe aliondoka kwa miguu, na pale kikundini aliyeiona harusi hiyo kwa macho yake ni wifi yake peke yake. Wifi akatabasamu tu. "Basi Jumamosi tuletee picha, wifi yangu. Na sisi tufaidi macho."

Ndiyo maana sasa alikuwa amejikunyata studio kwa binti yake mkubwa, mpiga picha.

"Mwanangu, nisitiri. Nikienda mikono mitupu, pale sikanyagi tena."

"Mama, unataka nighushi harusi?"

"Nataka upige picha. Si ndiyo kazi yako?"

Binti alipaswa kukataa. Lakini picha za pasipoti zilikuwa zimemchosha roho, na vidole vikaanza kumwasha. Mdogo wake, aliyechukua sura ya mama nzima nzima, akavishwa gauni jeupe na kuketishwa ndani ya gari kuukuu jekundu la jirani, achungulie dirishani. Bwana harusi hakuonekana. Walikubaliana kwamba alikuwa upande wa pili, anabishana na dereva.

Picha ya kwanza ilitoka kali mno kwa picha ya zamani, unaweza kuhesabu kope. Binti akaidanganya kamera kwamba wako kivulini, ilhali jua linawaka, na rangi zote zikapata joto la manjano. Akapunguza ukali, akalegeza weusi mpaka vivuli vikaingia ukijani kidogo, akaizidishia kamera uwezo wa kunasa mwanga hadi picha ikajaa chembechembe. Mama akachungulia, akanuna.

"Mbona imepauka? Picha yangu ilikaa sandukuni, haikuona jua!"

Picha haikuwahi kuwapo, lakini mama alijua ilikotunzwa. Hata hivyo alikuwa na hoja: filamu za zamani hazikuzaliwa zimepauka. Binti akarudisha wekundu wa gari mpaka ukakolea kama nyanya iliyoiva, manjano akayaachia ngozi na ukuta wa nyuma ya gari. Mama alipoishika picha iliyochapwa, machozi yakamlengalenga.

"Siku nzuri sana ile," akasema, na binti akaona wazi kwamba anaamini.

Jumamosi picha ikapita mkono kwa mkono, wanawake wakiguna kwa husuda. Binti, aliyekuja eti kusaidia kubeba vikombe, alilowa jasho ilipomfikia shangazi yake, yule wifi wa mama. Shangazi akavaa miwani, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. Kisha uso ukamkunjuka.

"Ndilo lenyewe! Si mimi nilikaa kiti cha nyuma, nimeshika maua?"

Binti akashusha pumzi. Hapo mama angecheka, anywe chai yake, arudi nyumbani na ushindi. Lakini shangazi alikuwa hajamaliza.

"Tena kaka alinitaka nikae mbele. Ni mimi niliyemwonea huruma wifi, nikampisha."

Mama akasimama, chai ikamwagika.

"Muongo mkubwa we! Ulikaa kiti gani? Tulitembea kwa miguu mimi na kaka yako, na wewe nyuma unalalamikia vumbi njia nzima!"

Shangazi akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la nguo.

"Enhe," akasema. "Hiyo sasa ndiyo harusi niliyohudhuria mimi."