Breki Ngumu

Kaka yangu Anatoli alinionyesha seti mbili kwenye simu. Alitaka kununua usukani na pedali za gemu ya magari, eti nimsaidie kuchagua. Mimi!

"Chukua hii yenye breki ngumu," nikamwambia. "Inataka ukandamize kweli."

"Ya nini, Koleta? Hii nyepesi inanitosha."

"Kwenye ule mteremko wa Murusagamba nilikupigia kelele, 'Breki! Breki!' Wewe mguu uko kwenye mafuta, mpaka pikapu ikapinduka na mimi ndani."

Akasonya. "Hii ni gemu tu. Ukipata ajali unabonyeza kitufe, kila kitu kinarudi kizima."

Nikavuta magongo yangu, nikasimama kwa mguu uliobaki.

"Nionyeshe hicho kitufe."